Tuone chini mbele ya gudron
Neno kwa vijana wa Likasi



Leo niko na neno moja tu: mbele ya kufunika njia na gudron, raia waone kwanza kile kinachowekwa chini.

Juu ya nini? Njia ya mupya inapendeza. Wakubwa wanakuja, wanakata kamba, wanapigwa foto. Lakini chini kuko matiyo ya mayi. Kama tiyo imezeeka, uzito wa makamiyo unaipasua. Mayi inalainisha udongo, gudron inazama, shimo inafunguka. Halafu wanakuja kuchimba ili watengeneze tiyo, wanakata ile gudron ya mupya. Feza ya raia inalipa kazi moja mara mbili.

Na si feza tu. Mayi ikikatika, tiyo inabakia bila nguvu ndani. Hapo uchafu wa mufereji unaingia kupitia penye kupasuka, na mayi ikirudi inauleta mpaka kwenye robine. Mwaka 2008 kolera ilitupiga hapa Likasi. Kartye yenye tiyo mbovu, hata ukiipa njia ya kung'aa, mama ataendelea kuamka usiku na bidon.

Jambo la pili ni udongo na mawe ya kujaza njia. Vinatoka wapi? Kwetu hilo si swali dogo. Mgodi wa Shinkolobwe ndio ulitoa uraniamu ya bomu iliyopiga Hiroshima mwaka 1945. Mwezi wa kwanza 2004, amri ya rais iliufunga. Mwezi wa saba mwaka huohuo uliporomoka, watu wanane wakafa: watu walikuwa bado wanachimba. Mwezi wa 11 mwaka 2007, madini yenye mionzi, tani 17 hivi, yaliyokamatwa na yaliyopaswa kupelekwa Shinkolobwe, yalitupwa ndani ya mto Mura. Karatasi ilisema Shinkolobwe, kamiyo ikaenda Mura. Basi kamiyo ya mawe ya njia, nani anaifuata?

Sisemi njia fulani ina sumu. Ninasema ipimwe, na matokeo yabandikwe kwenye komini, kila mtu asome.

Watatuambia feza haiko. Tuwajibu kwa sheria. Katiba ya 2006, kifungu cha 48, inahakikisha haki ya mayi ya kunywa na umeme. Kodi ya madini ya 2018 inasema asilimia 15 ya ushuru wa madini iende kwa miji, komini na sekta ambako madini yanachimbwa, na asilimia 25 iende kwa jimbo. Kama feza imeingia, watuonyeshe imefanya nini. Kama haijaingia, twende pamoja kuidai.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu. Moja: REGIDESO na SNEL wabadilishe matiyo na makabo kwanza, tiyo ijaribiwe kwa nguvu ya mayi, ndipo gudron imwagwe. Mbili: kwenye kila shantie kuwe kibao kinachoonyesha nani anajenga, kwa feza ngapi, kwa siku ngapi. Tatu: udongo na mawe vijulikane vimetoka wapi, na vipimwe mionzi.

Na sisi tuko na kazi. Wanapochimba kwenye avenyu yako, piga foto mbele ya kufunika, andika tarehe na jina la avenyu. Usiwatukane wafanyakazi: wale ni ndugu zetu, wanatafuta mukate. Kisha tuandike barua kwa burugumestre, kopi kwa meya, na tusitoke pale bila muhuri ya kupokelewa. Wasipojibu, tutarudi wengi, kwa amani, na foto mukononi.

Gudron ikishamwagwa, hakuna anayeona tena. Tuangalie sasa, shimo ikiwa bado wazi.