Majina ya watu wetu yanalala kwenye diski gani?



Hapa Mabalako tunajua orodha ni kitu gani. Tarehe 1/8/2018 Ebola ilitangazwa, kuanzia Mangina, hapa hapa kwetu. Hadi ilipotangazwa kwisha tarehe 25/6/2020, watu 2287 walikuwa wamekufa. Kila mgonjwa alikuwa na orodha ya waliomgusa, na kila jina lilipaswa kufuatwa siku 21. Jina likipotea, mtu hatembelewi. Likitoka nje, majirani wanaanza kuonyesha nyumba ile kwa kidole.

Leo ripoti za afya za inchi yetu zinapita kwenye DHIS2, programu ya wavuti inayokaa juu ya databezi ya PostgreSQL. Juu ya hiyo tumeanza kujifunza kazi hii sisi wenyewe, kwa kompyuta tatu za zamani na majina ya kubuni.

Kontena tunaijua, Butembo inaishi nayo: inatoka Mombasa, inapita Kasindi, inafika na mali yote ndani. Kontena ya programu iko vile vile: programu na kila inachohitaji katika mzigo mmoja. Mashini kadhaa zikiungana ni klasta, na Kubernetes ndiyo inazichunga. Tulichomoa umeme wa mashini moja. Baada ya dakika chache programu ikawaka kwenye ingine. Tukapiga makofi!

Kisha tukatafuta majina. Hakuna hata moja. Databezi tuliiweka ndani ya kontena bila diski ya kudumu, basi ilikufa na vyote. Kosa letu, tunalikubali. Na hata diski ya kudumu, kama imefungwa kwenye mashini ile iliyozimika, databezi haiwezi kuhama nayo. Programu unaiongeza hadi kontena tano bila shida. Databezi si hivyo, lazima moja iandike na zingine zinakili kutoka kwake.

Neno la siri nalo! Tulidhani Kubernetes imelificha. Kumbe limeandikwa kwa base64 tu: yeyote anayeruhusiwa kulisoma analifungua kwa sekunde moja.

Tena mukumbuke 31/12/2018, siku moja baada ya uchaguzi, ule ambao Beni na Butembo tulisukumwa hadi Machi 2019. Intaneti ilikatwa inchi nzima. Siku kama ile seva iliyo Ulaya iko nzima kabisa, lakini sisi hatuifikii. Nakala moja ilale hapa, ikiwa imefungwa kwa ufunguo.

Kwa hiyo yeyote anayekuja kuandikisha watu wetu, tumuulize: diski iko wapi? Nani anashika neno la siri? Nakala ya akiba mulijaribu kuirudisha lini? Tusikubali jibu la «tunaichukua kila usiku», tunauliza kuirudisha.

Jumamosi tunarudia jaribio. Safari hii tutaifuta databezi kwa makusudi. Mwenye diski ya zamani inayofanya kazi, atuletee.