Dalali wa Magari na Pesa ya Korosho

Msikilizaji wetu wa Likombe, minada ya korosho ikishaanza, kwa kawaida mwezi Oktoba, biashara ya magari nayo huchangamka. Mkulima aliyelipwa anatafuta Noah ya abiria au Canter ya mizigo, na dalali ndiye anayemkutanisha na mwenye mali.

Udalali unalipa, ila anayedumu ni yule asiyeficha cha juu. Taja kamisheni yako mapema, pande zote mbili zisikie.

Kisha shika kadi ya gari, usome namba ya chesesi iliyogongwa kwenye chuma, herufi kwa herufi. Ikitofautiana hata tarakimu moja, achana nalo. Pitisha kidole chini ya milango pia: chumvi ya bahari yetu hula bodi kimyakimya, na rangi mpya huficha mengi. Mwambie mnunuzi ulichokiona. Inauma kupoteza mauzo ya leo, najua.

Mnunuzi na mwenye gari wakikubaliana, waandikishane kwa wakili na umiliki uhamishwe TRA, maana gari likibaki kwa jina la zamani, usumbufu humfuata mwenye jina. Wasindikize mpaka jambo liishe. Mnunuzi huyo ndiye atakayekuletea shemeji yake msimu ujao.