VILEBU WAMEZALIWA NYUMBANI: WALEE VIZURI, UWALINDE WATOTO WAKO

  Leo tutazungumza juu ya jambo linalotokea katika maboma mengi, na ambalo huwafurahisha sana watoto: mbwa wa nyumbani amezaa.

Unaamka asubuhi na kusikia vilio vidogo nyuma ya ghala. Ukichungulia, kumbe ni vilebu sita, macho yamefumba, wamelaliana kama mafungu ya sukuma sokoni. Kabla chai haijachemka, watoto wako wamekwisha kujua. Watoto wa jirani nao wamefika, na kila mmoja amemchagua wake na kumpa jina.

Mama, tangu asubuhi hiyo una malezi mawili mikononi mwako: malezi ya vilebu, na malezi ya watoto wanaocheza nao. Malezi haya huenda pamoja. Kilebu anayetunzwa vizuri huwapunguzia watoto wako hatari ya magonjwa.

Tuanze na vilebu wenyewe. Katika juma la kwanza, adui yao mkubwa ni baridi. Kilebu aliyezaliwa jana hawezi kutetemeka ili apate joto, kama tufanyavyo sisi. Hutegemea mwili wa mama yake na wa ndugu zake. Watafutie mahali pakavu pasipopitisha upepo. Katoni kubwa iliyotandikwa gunia safi au matambara yatosha. Badilisha matandiko kila yanapolowa. Usiwawekee jiko la makaa katika chumba kilichofungwa, kwa maana hewa yake huua watu na wanyama.

Mpe mama mbwa chakula cha kutosha na maji safi wakati wote. Anayenyonyesha sita hula zaidi ya alivyokula zamani. Lakini usimpe matumbo, maini wala mapafu mabichi kutoka machinjioni. Humo mnaweza kuwa na mbegu za minyoo ambayo baadaye huleta uvimbe wa maji katika ini au mapafu ya binadamu.

Je, mama mbwa akifa, au akikosa maziwa? Maziwa ya ng'ombe peke yake ni mepesi kuliko ya mbwa, na mara nyingi huwaharisha vilebu. Muulize daktari wa mifugo maziwa yanayofaa. Kilebu mchanga hunyonyeshwa kila baada ya saa mbili au tatu, usiku na mchana, akiwa amelalia tumbo. Usimlaze chali, maana maziwa yataingia mapafuni. Akishiba, mpanguse sehemu za chini kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu. Mama yake humlamba hapo ili aweze kukojoa na kwenda haja. Bila hivyo hawezi.

Macho hufunguka kati ya siku ya 10 na ya 14. Kuanzia juma la tatu au la nne, waanzishie chakula laini, kama ugali uliolainishwa kwa mchuzi usio na chumvi nyingi. Usiwagawe kwa majirani kabla hawajatimiza majuma 8.

Sasa tuje kwa minyoo. Wengi wetu hudhani kwamba kilebu hupata minyoo akianza kula uchafu. La, hasha. Minyoo humwingia akiwa bado tumboni mwa mama yake, na mingine huipata katika maziwa anayonyonya. Kwa hiyo, hata kilebu msafi, mnene na mwenye manyoya yanayong'aa anaweza kuwa nayo. Mayai ya minyoo hiyo hutoka na choo chake na kubaki udongoni. Mtoto anayetambaa hushika udongo, kisha hutia kidole mdomoni. Ndani ya mwili wa mtoto, viluwiluwi vya minyoo hiyo hutangatanga na vinaweza kudhuru ini, mapafu, hata jicho.

Kinga yake ni rahisi. Mwombe daktari wa mifugo dawa ya minyoo. Vilebu hupewa wakiwa na majuma 2, kisha 4, 6 na 8, na mama yao atibiwe wakati huo huo. Zoa choo chao kila siku na kukifukia mbali na mahali watoto wanapochezea. Tena, kila mtoto akimaliza kucheza na vilebu, anawe mikono kwa sabuni kabla ya kushika chakula.

Jambo la mwisho ndilo zito kuliko yote, mama. Ni kichaa cha mbwa.

Tuseme mwanao wa miaka saba amemshika kilebu, na mama mbwa akaruka kumtetea mtoto wake. Meno yamepita kidogo tu juu ya kifundo cha mkono. Mwanao anakumbuka ulivyomwonya asiende kule nyuma ya ghala. Anavuta mkono wa sweta na kuficha kidonda. Jioni unamwuliza, "Hiyo ni nini?" Naye anakujibu, "Ni mwiba tu, mama."

Mwiba huo unaweza kumwua. Virusi vya kichaa cha mbwa huingia kwa kuumwa, kwa kukwaruzwa, au mate yakigusa kidonda. Huweza kukaa mwilini majuma au miezi kabla dalili hazijatokea. Dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona. Lakini kabla ya dalili, ugonjwa huu huzuilika. Kwa hiyo mwambie mwanao leo, kabla ya lolote kutokea: "Mbwa akikuuma au akikukwaruza, hata kilebu, njoo uniambie. Sitakuchapa." Na akija, usimchape.

Akishakuambia, osha kidonda mara moja kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka, kwa dakika 15 kamili. Kama huna mfereji, mtu mmoja amimine maji kwa jagi na mwingine aoshe. Usipake pilipili, mafuta, tumbaku wala udongo. Kisha mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Siku hizi sindano za kichaa cha mbwa hazidungwi tumboni, hudungwa mkononi. Watoto wachanga na akina mama wajawazito pia hudungwa. Maliza sindano zote kwa tarehe utakazopewa, hata kidonda kikiwa kimekauka.

Mbwa naye, kama anaweza kufungwa kwa usalama, afungwe na kuangaliwa kwa siku 10, na ofisi ya mifugo ijulishwe. Lakini usingoje siku hizo ziishe ndipo uende hospitali.

Serikali yetu ilianza mwaka wa 2014 mpango wa kumaliza vifo vya watu vinavyoletwa na kichaa cha mbwa ifikapo mwaka wa 2030. Mpango huo hautafaulu bila boma lako. Mama mbwa achanjwe kila mwaka. Vilebu hupelekwa wakitimiza miezi 3, lakini kampeni ya chanjo ikifika kijijini mapema, wabebe wote kwenye katoni yao uwapeleke.

Kabla hatujaagana, kumbuka mambo manne: joto kwa vilebu, dawa ya minyoo, chanjo, na mtoto asiyeogopa kukuambia ukweli. Jioni ya leo, kabla ya kulala, waite wanao na uzungumze nao.