Jina Ni Ushahidi: Nabii Ilyas na Waabudu Baali

Bismillahi Rahmani Rahim. Ndugu zetu katika imani, Surat As-Saffat yatusimulia jinsi Nabii Ilyas, amani iwe juu yake, alivyowakemea watu wake kwa kumwomba Baali na kumwacha Muumba wao.

Baali alikuwa mungu wa Wakanaani, aliyedhaniwa kuleta radi na mvua. Maana ya neno hilo ni bwana, mwenye kumiliki. Masanamu yake yamevunjika, lakini majina yamebaki. Vigae vilivyofukuliwa Samaria mwaka 1910 vimeandikwa majina ya Waisraili yenye neno Baali ndani yake. Na katika vitabu vya Mayahudi, mwana wa Sauli, tumjuaye kwa jina la Talut, aitwa Eshbaali. Mahali pengine aitwa Ishboshethi. Wataalamu wengi waona kwamba waandishi walimfuta Baali, wakatia neno lenye maana ya aibu.

Wao walifuta jina la sanamu. Sisi je, twafuta nini? Hapa Uingereza mtoto wetu Abdulrahman huitwa Abdul shuleni, na nyumbani tukafuata. Abdul ni "mja wa", kisha kimya. Mja wa nani? Lililokatwa ni jina la Mola wetu.

Mtume wetu (s.a.w.) aliyabadilisha majina ya uja kwa masanamu. Basi katika mwezi huu tuwaite watoto wetu kwa majina kamili, na tuwafunze maana yake, wapate kuwaeleza walimu wao bila haya.

Wabillahi tawfiq.