Memwari haiishi siku ya kutetea: maneno kwa vijana wanaochora hesabu ya Maniema



Mmetuomba tuongee juu ya kumaliza memwari, zaidi kwa ninyi mlioshika kazi ya kugeuza hesabu kuwa picha: ramani, grafiki, michoro ya kuonyesha nani anapata na nani anakosa. Wengine watauliza: harakati ya wananchi inatafuta nini katika memwari? Jibu ni fupi. Kila mara tunapoenda kudai maji, barabara ao dawa, wakubwa wanatuuliza: "Hesabu iko wapi?" Na hesabu ingine iko katika kazi zenu, inalala ndani ya kabati pamoja na vumbi.

Neno letu leo ni moja. Memwari ya namna hii inaisha siku ile watu waliohesabiwa ndani yake wanaweza kuisoma, kuirekebisha na kuitumia. Pointi za juri ni za lazima, lakini ni nusu ya njia.

Nguvu ya hesabu, Congo inaijua tangu zamani. Karibu mwaka 1900, Edmund Morel alikuwa karani wa Elder Dempster, kampuni ya meli ya Liverpool. Hakufika Congo hata siku moja. Alikuwa anaangalia paka mizigo ya meli kule Anvers. Upande mmoja: meli zinaleta mpira wa porini na pembe za tembo, mali ya bei kubwa. Upande wa pili: meli zinarudi Congo na bunduki, risasi na vitu kidogo vya biashara. Aliweka hizo safu mbili kando kwa kando, akaelewa kwamba kule hakuna biashara, watu wanalazimishwa. Aliacha ile kazi mwaka 1901. Mwaka 1904 yeye na wengine walianzisha Congo Reform Association, na mwaka 1908 mfalme Leopold wa Pili alilazimika kuachia inchi hii mikononi mwa serkali ya Ubelgiji. Ukoloni haukuisha ile siku, tunajua wote. Lakini safu mbili zilizowekwa pamoja zilivunja uongo wa mfalme.

Karibu zaidi na sisi kuko Kasongo. Miaka ya 1970, wanganga waliotumika kule pamoja na Taasisi ya Magonjwa ya Tropiki ya Anvers walifuata watoto waliopata chanjo ya surua na wale hawakuipata, wakalinganisha namna wanavyobaki hai toka miezi 7 mpaka 35. Matokeo yalitoka mwaka 1981 katika The Lancet, jarida ya wanganga ya London. Watoto walikuwa wa Kasongo. Jarida ilikuwa ya Kiingereza. Hatusemi walikosea. Tunasema ninyi mko na nafasi ingine: mnaweza kurudisha mchoro fasi hesabu ilitoka.

Sasa tushuke kwenye kazi yenyewe. Kuko mitego tatu hapa kwetu.

Wa kwanza: fasi tupu si sifuri. Maniema iko na zoni za afya 18. Kituo cha afya kikikosa kutuma ripoti ya mwezi juu ya barabara, mtandao ao karatasi, ile mwezi inabaki bila kitu. Mwanafunzi mwenye haraka anaweka sifuri. Kwenye ramani yake, ile eneo inatoka nzuri kuliko zote: hakuna mgonjwa, hakuna mtoto aliyekufa! Kumbe pengine ndiyo fasi watu wanateseka zaidi. Iwekee alama yake ya pekee, uandike chini: "ripoti haikufika." Wakati mwingine hiyo fasi tupu ndiyo matokeo makubwa ya memwari yako.

Wa pili: ramani haijui maji. Programu inakusaidia kuchora duara ya kilometa 5 kuzunguka hospitali na kusema kila mtu aliye ndani iko karibu na munganga. Chora hiyo duara hapa Kindu, upande wa Kasuku ao Mikelenge, na utaona inaruka Lualaba inagusa Alunguli. Kwa ordinatere, mama wa Alunguli iko karibu. Kwa yule mama mwenye uchungu wa kuzaa saa nane ya usiku, kuko mto, kuko mtumbwi wa kutafuta, kuko franga ya kulipa. Pima saa, usipime paka kilometa. Uliza wapiga kasia na wamotari. Wanajua zaidi kuliko duara yako.

Wa tatu: idadi ya watu. Mara ya mwisho inchi yetu kuhesabu watu wake wote ilikuwa mwaka 1984. Tangu hapo tunatumika na makadirio. Kwa hiyo ukiona eneo fulani iko na asilimia 115 ya watoto waliochanjwa, usishangilie. Hakuna mtoto anachanjwa mara moja na kidogo. Ao wale watoto ni wengi kuliko makadirio, ao wengine walitoka eneo jirani, ao mtu aliongeza hesabu. Onyesha idadi ya watoto wenyewe kando ya asilimia, na useme makadirio yametoka wapi.

Kisha kuko jambo la karatasi. Mchoro unang'aa kwenye ordinatere, lakini kopi za mtaani zinatoka nyeusi na nyeupe. Nyekundu na kijani zote zinakuwa majivu, na hakuna anayejua kizuri ni wapi na kibaya ni wapi. Tumia rangi moja inayotoka nyepesi mpaka nzito. Andika majina ya fasi kwa Kiswahili, herufi kubwa. Kabla ya kuweka kazi yako, peleka kopi moja sokoni, uulize mama anayeuza pondu: "Hapa unaona nini?" Kama anasema kinyume cha ulichotaka, usimfundishe yeye, rekebisha mchoro.

Na tunawaomba heshima. Fasi kuko mgonjwa mmoja ao wawili, ao mwanamke aliyetendewa vibaya, usiweke alama kwenye mlango wake. Katika mtaa mdogo, nukta moja ni jina la mtu. Kusanya hesabu kwa eneo kubwa zaidi. Haki ya kujua haipite juu ya usalama wa jirani.

Tunajua kwa nini wengi hawamalizi. Umeme unakatika, mega zinaisha, malipo yanaongezeka kila siku unapofikiri umefika, na kuko mtu anakunongoneza kwamba memwari iliyokwisha andikwa inauzwa. Usinunue. Punguza swali. "Afya katika Maniema" haimaliziki. "Ni vituo gani vya Alunguli havikutuma ripoti kwa miezi sita, na juu ya nini" inamalizika, na inaweza kubadilisha kitu. Tunza kopi ya kazi fasi mbili mbali na ordinatere yako, na uandike kila kitu ulichofuta ao kurekebisha kwenye hesabu, ili atakayekufuata asianze upya.

Sisi kama harakati tunadai mambo tatu. Ofisi za jimbo ziwape wanafunzi hesabu bila kuzungushwa: Katiba ya 2006, kifungu cha 24, inasema kila mtu iko na haki ya kupata habari. Shule za juu ziweke memwari zilizotetewa fasi kila mtu anaweza kuzisoma. Na kila mwanafunzi aliyetetea arudi na karatasi moja tu, upande mmoja, kwa watu wa fasi alipokusanya hesabu.

Kwa upande wetu tunaahidi hivi: yule atakayeleta hiyo karatasi, tutaitisha mkutano wa mtaa, tutaibandika ukutani, na tutaenda naye kwa mkubwa anayehusika. Ile siku akituuliza hesabu iko wapi, tutamuonyesha kwa kidole.

Malizeni kazi, wandugu. Iko watu wanaingojea.