Maskini Mwenye Kazi

Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake.

Ndugu Waislamu,

Katika Sura ya Tawba, aya ya 60, Mwenyezi Mungu amewataja watu wa namna nane wanaostahiki zaka, akatanguliza mafakiri na maskini. Wanavyuoni wa madhehebu ya Imamu Shafii wamepambanua: fakiri ni kama mwenye haja ya kumi asiyepata ila mbili, maskini ni kama mwenye haja ya kumi akapata saba. Dalili yao imo katika Sura ya Kahf, aya ya 79, panapotajwa jahazi ya maskini waliokuwa wakifanya kazi baharini. Chombo wanacho, kazi wanayo, na bado Qur'ani yawaita maskini.

Basi na tutazame jinsi baadhi ya serikali zinavyopima haja. Huko Uingereza, mtu anayemtunza mlemavu kwa saa 35 au zaidi kila juma huweza kupewa posho. Mwaka 2024 posho hiyo ilikuwa pauni 81.90 kwa juma, kwa sharti kwamba pato lake la kazi lisizidi pauni 151. Aliyezidisha hata peni moja hakupunguziwa, bali alinyimwa yote. Na wengi waliozidisha kidogo pasipo kujua walikuja kudaiwa madeni makubwa. Aprili 2025 kiwango kilipandishwa kikawa pauni 196. Mpaka ulisogezwa, lakini shimo lililo mbele yake halikufukiwa.

Kipimo cha namna hii humfanya mfanyakazi aogope nyongeza ya mshahara, na humshawishi kuficha pato lake. Kuficha ni hiana, wala shida haihalalishi uongo. Lakini mtunga sheria naye ana dhima. Mafakihi wetu wamefundisha kuwa mwenye saba hutimiziwa tatu zilizopungua. Hawakusema afukuzwe kwa sababu anazo saba.

Nasi tusijione tumesalimika. Tunapogawa zaka, mara ngapi tumempita mwalimu wa chuo, mlinzi wa usiku au mchuuzi wa samaki, tukasema, "Huyu ana kazi"? Tusiulize tu anapata nini. Tuulize pia ana watoto wangapi, kodi ya nyumba ni kiasi gani, na nani nyumbani mwake ni mgonjwa.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwatambua wenye haja wanaoona haya kuomba. Amin.