Rangi Isiyonukia



Ukifungua sanduku la nguo lenye vidonge vya nafthalini, harufu hukupokea kabla hujagusa nguo. Vidonge hivyo hugeuka mvuke bila kuyeyuka kwanza. Msukumo wa mvuke huo huitwa kanieneo ya mvuke. Kwenye nyuzi 25 za Selsiasi, ya nafthalini ni takriban paskali 11. Ya maji hufika 3,170 hivi.

Sasa fikiria rangi ya unga inayochapia jezi za polista. Hainukii. Katika joto la chumba mvuke wake ni mdogo mno, hata kuupima ni shida. Basi tutajuaje usalama wa anayeishika kila siku?

Tunapima penye joto, kisha tunakadiria penye ubaridi. Njia moja ina jina la Martin Knudsen, mwanafizikia wa Denmaki aliyeieleza mwaka 1909. Unga huwekwa katika kikopo chenye tundu dogo sana, ndani ya ombwe, ukapashwa moto. Uzito unaopungua ni mvuke uliotoka. Vipimo hurudiwa kwenye nyuzi mbalimbali. Ukichora logi ya kanieneo dhidi ya moja gawanya kwa jotoridi la kelvini, nukta hukaribia mstari mnyoofu, nawe unaurefusha hadi nyuzi 25. Lakini pima unga ukiwa bado mgumu: rangi ikiyeyuka, mwinamo wa mstari hubadilika na makadirio hupotoka.

Tuchukue mfano wa rangi inayohitaji kilojuli 120 kwa moli ili iwe mvuke. Ikishuka kutoka nyuzi 150 hadi 25, kanieneo yake hupungua takriban mara milioni 1.6.

Hesabu hiyo inatuonyesha pa kuweka ulinzi. Ghalani, mvuke si tishio kubwa. Tishio ni vumbi linaloingia puani unapochota unga. Kwenye pasi ya kuchapia, inayofika karibu nyuzi 200, rangi huruka kweli, maana ndivyo inavyoingia kwenye kitambaa. Hapo panahitajika feni ya kuvuta hewa nje.

Kwa hiyo, ndugu fundi, kutonukia kusikutoe hofu. Vaa barakoa ya vumbi unapochota, na usiiwashe pasi chumba kikiwa kimefungwa. Mapafu yako hayana akiba.